Papa Donat Kilufya, Aliyepeleka Nyumba Yake kwa Wafiwa (1951–2025)

Wapendwa wa familia, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza, tunawasomea maisha ya Papa Donat Kilufya Mwepu. Sehemu ya kwanza ni kama alivyopenda kuisimulia yeye mwenyewe. Sehemu ya mwisho ni kama tulivyoiona sisi tuliokuwa karibu naye.

Papa Donat alizaliwa tarehe 2 Juni 1951 karibu na Likasi, Katanga, mtoto wa pili wa Papa Abel Mwepu na Maman Albertine Kyungu. Baba yake alifanya kazi katika kikosi cha kutengeneza njia ya reli kuelekea Tenke. Wafanyakazi wa kikosi hicho hawakupewa nyumba za kudumu. Waliishi na wake na watoto wao ndani ya mabehewa ya zamani, yaliyovutwa kutoka kambi moja hadi nyingine kadiri kazi ilivyosonga mbele. Papa Donat alisema hakupata tena usingizi mtamu kama ule wa ndani ya behewa, kwa sababu mtoto alilala akiacha mto nje ya dirisha na kuamka akikuta mlima. Kaka yake mkubwa, Papa Hénock, aliyemtangulia kwa miaka mitano, alilikumbuka behewa hilohilo kwa namna nyingine kabisa. Alikumbuka moshi wa makaa, mvua iliyovuja, na kuhama kila mara alipoanza kupata rafiki.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya misheni ya Likasi. Siku ya kuandikishwa, Papa Hénock ndiye aliyemshika mkono kumpeleka. Mwalimu alipouliza wanakaa mtaa gani, Donat mdogo aliwahi kujibu kwa furaha kwamba nyumba yao ina magurudumu. Darasa lote lilicheka. Tangu siku ile hadi mwisho wa mwaka wanafunzi wenzake Hénock walimwita “mutoto wa wagon”, yaani mtoto wa behewa. Donat hakuumia hata kidogo. Kaka yake aliumia kwa niaba ya wote wawili. Baadaye Donat aliendelea na shule ya ufundi Lubumbashi, akahitimu diploma ya umekanika tarehe 30 Juni 1971.

Baada ya kufanya kazi miaka kadhaa katika karakana ya reli Lubumbashi, alimfuata kaka yake Brussels mnamo Septemba 1981. Papa Hénock alikuwa tayari mwalimu wa hisabati, naye ndiye aliyempokea, akamlaza sebuleni kwake na kumfundisha kuvaa soksi mbili wakati wa baridi. Mwaka 1988 Papa Donat aliajiriwa kuwa dereva wa tramu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 1 Julai 2016. Abiria wa mitaa ya Evere na Laeken walimfahamu kwa kuwasubiri akina mama waliokimbia na mikoba. Wenzake wa karakana, na hasa rafiki yake Stijn, walimfahamu kwa malalamiko yake ya kila siku. Alisema kwamba ameendesha maisha yake yote na bado hajakata kona hata moja kwa hiari yake, maana reli ndiyo inayoamua.

Alifunga ndoa na Maman Sidonie Ngoie tarehe 14 Julai 1984, kwanza katika ofisi ya komuni ya Evere, yaani serikali ya mtaa, kisha mchana kanisani. Maman Sidonie alikuwa akisafisha ofisi karibu na kituo cha Schuman. Alikubali kuolewa, kama alivyotuambia, kwa sababu ni mwanamume wa kwanza aliyemuuliza kama amechoka kabla ya kumuuliza jina. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 1995 walinunua fleti ghorofa ya tatu huko Evere. Siku ya kuibariki, Papa Hénock aliinua glasi yake mbele ya wageni akasema, “Leo wagon imeisha.” Wote walipiga makofi. Papa Donat naye alipiga makofi, ingawa Maman Sidonie aliona kwamba alikuwa akitazama nje dirishani.

Watoto walipokwisha kuondoka nyumbani, na Maman Sidonie naye alipostaafu, wawili hao waliamua jambo ambalo familia haikulitarajia. Mnamo Novemba 2019 waliuza fleti yao wakanunua gari la kuishi, lile ambalo huku watu huliita mobilhome, lenye kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo kidogo. Hawakununua la kwendea likizo. Walihamia humo moja kwa moja. Papa Donat aliliita Wagon.

Kwa Papa Hénock jina hilo lilikuwa kama kofi. Alimwita mdogo wake nyumbani kwake Laeken, akamkalisha, naye Papa Donat alimsikiliza kichwa chini kama inavyompasa mdogo. Mkewe Hénock, Maman Marie-Laure, alijaribu kuleta chai ili maneno yapoe, lakini hayakupoa.

“Donat, muntu muzima anauzisha nyumba anaingia mu motoka? Na siku utakufa, kilio yako tutaikala wapi? Ku parking?”

Swali hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Kwetu Katanga aliyefiwa haachwi peke yake. Watu huja nyumbani kwa marehemu, hukaa, hupika, huimba, hulala palepale hata sakafuni, mpaka siku ya kuondoa matanga. Huo ndio tunaouita kilio, na kilio hutaka nyumba. Mtu asiye na nyumba atalilia wapi, na nani atajua pa kumlilia? Papa Donat aliaga kwa heshima akaondoka, na tangu jioni ile kaka yake hakupokea simu yake tena.

Januari 2020 walianza safari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini Papa Donat alitangaza kituo kwa sauti yake ya kazini, “Arrêt ya mbele, Namur. Tunafunga milango.” Maman Sidonie, akiwa pembeni yake na ramani magotini, alimjibu kwamba hana tiketi. “Bon, utalipa na bukari,” Papa Donat alisema, yaani na ugali wetu, na wakaondoka. Walipita milima ya Ardennes kwenye theluji, wakashuka Ufaransa mpaka pwani, na kwa mara ya kwanza tangu wafike Ulaya waliamka mahali ambapo hakuna aliyewangoja.

Kisha ugonjwa ule wa dunia nzima ukaingia. Katikati ya Machi mipaka ilianza kufungwa, wakarudi Ubelgiji mbio. Nchi nzima iliambiwa ikae nyumbani. Papa Donat na Maman Sidonie walikuwa nyumbani kila waliposimama, lakini hakuna aliyetaka wasimame. Kambi za magari zilifungwa, mabomba ya maji yakafungwa pamoja nazo, na kila waliposimama kando ya bustani walitakiwa waondoke. Siku moja askari wa kike aliwaambia kwa ukali kwamba sheria inawataka wawe kwao. Papa Donat alimfungulia mlango, akamwonyesha kitanda kilichotandikwa na chungu cha maharage motoni, akamweleza kwa Kifaransa chake kizuri kwamba wanatii sheria kuliko yeye aliyetoka nje. Askari alicheka, kisha akawaondoa. Hatimaye Stijn aliwapa nafasi uani kwake, akawachomekea waya wa umeme dirishani na bomba la maji ya bustani.

Tarehe 11 Aprili 2020, Jumamosi kabla ya Pasaka, Maman Marie-Laure alifariki hospitalini kwa ugonjwa huo. Mumewe hakuruhusiwa kumwona. Waliozika walikuwa wachache sana, nao walisimama mbalimbali, na Papa Hénock hakuwa miongoni mwao kwa sababu yeye pia alikuwa ameambukizwa na kufungiwa ndani. Kilio kilikatazwa. Mtu aliyesema kwamba kilio hutaka nyumba alibaki ndani ya nyumba yake nzuri ya Laeken, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia kumlilia mkewe pamoja naye.

Papa Donat hakuomba ruhusa kwa yeyote. Aliwasha Wagon, akaenda Laeken, akaiegesha ubavu kwa ubavu na dirisha la sebule ya kaka yake, akafungua mapazia yake ili aonekane. Papa Hénock alifunga mapazia yake. Maman Sidonie alipika bukari na samaki, akaweka kizingitini, akagonga na kurudi nyuma. Sahani ilibaki nje. Jioni walifungua dirisha la Wagon wakaimba nyimbo za kilio wawili tu, yeye sauti ya juu na mumewe ya chini, na majirani wa Kibelgiji walitoka kwenye roshani zao wakasikiliza bila kuelewa neno. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Sahani ya pili nayo ilibaki nje. Maman Sidonie aliuliza kama hawamwongezei kaka yao uchungu. Papa Donat alijibu kwamba akitaka waondoke atawaambia, na kama hawezi hata kuwaambia, basi ndiyo sababu zaidi ya kubaki.

Siku ya tatu pazia lilisogea. Simu ya Papa Donat ililia, naye aliona uso wa kaka yake ng'ambo ya kioo, haujanyolewa.

“Ulivuta frein à main? Hii barabara yetu inashuka,” alisema, akiulizia breki ya mkono.

“Nilivuta, yaya,” Papa Donat alijibu, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa.

Papa Hénock alitazama magurudumu, moja baada ya jingine.

“Bon. Mubakie basi.”

Ndipo akaanza kulia, simu ikiwa sikioni, na mdogo wake akalia naye upande wa pili. Alipopata nafuu na kuruhusiwa kutoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kubeba mbao mbili zilizokuwa chini ya maua ya Maman Marie-Laure, akaziingiza chini ya magurudumu ya mbele ili chungu cha Sidonie kisiteleze tena jikoni. Alipima usawa wake kwa glasi ya maji, kama mwalimu wa hisabati.

Habari ilienea katika parokia. Mwaka ule mgumu wote, familia zilizofiwa zilipiga simu kuuliza kama Wagon inaweza kuja. Ilikwenda Evere, Namur na Liège, ikasimama mbele ya madirisha ya watu tuliowajua na wengine tusiowajua, maana aliyefiwa hakai peke yake hata kama mlango hauruhusiwi kufunguliwa. Papa Hénock mara nyingi alikuwa nyuma, kwenye kiti cha meza, amevaa barakoa na kofia, mbao zake mbili miguuni. Kiangazi kiliporuhusu, wote watatu walikwenda baharini Ostend, na Papa Hénock alilalamika juu ya choo kile kidogo kwenda na kurudi.

Papa Donat aliishi ndani ya Wagon miaka mitano. Mnamo Oktoba 2024 alianza kupungua uzito, na tarehe 19 Novemba madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alitaka kubaki kwake, lakini kitanda cha mgonjwa hakikuweza kupita kwenye mlango wa Wagon. Papa Hénock aliamuru kiwekwe sebuleni kwake, mgonjwa akielekea dirishani, na gari likaegeshwa nje palepale liliposimama mwaka 2020, mbao chini ya magurudumu. Hivyo katika miezi yake ya mwisho Papa Donat ndiye aliyekuwa ndani akitazama nje. Maman Sidonie alimsomea Zaburi kila jioni, na asubuhi alimtangazia kituo kinachofuata.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, alifumbua macho akamtafuta kaka yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi mkubwa ainame.

“Yaya, frein à main?”

“Iko, Leo. Nilivuta miye mwenyewe. Lala.”

Leo ni jina ambalo ndugu hawa hupeana wakati wa upole, na lilitoka kwa babu yao Léonard. Papa Donat alilala, na kabla ya misa kwisha alikuwa ametutoka.

Watu walipoanza kupiga simu kuuliza kilio kinakaliwa wapi, kila mmoja wetu alidhani Papa Hénock atasema ni nyumbani kwake, maana ndipo mdogo wake alipofia. Yeye alisema hapana, kilio hukaliwa kwa marehemu. Aliomba kibali cha komuni, akatoa viti vyake vyote nje, na kiti cha kwanza alikiweka kwa mkono wake mbele ya mlango wa Wagon. Wiki hii yote mmekaa pale barabarani Laeken, mmepika pale, mmeimba pale. Ni Papa Hénock aliyewapokea mmoja mmoja akiwaambia, “Karibuni kwa Donat.”

Ameacha mjane, Maman Sidonie Ngoie; kaka, Papa Hénock Kilufya; watoto watatu, Tatiana, Dimitri na Sephora; wajukuu watano; wakwe, wapwa, na rafiki yake Stijn ambaye familia inamhesabu ndugu.

Papa Donat, umefika. Mahali hapa hakuna atakayekuja kukuambia uondoke. Pumzika kwa amani.