Dirisha la Pili Lapimwa

Kijiwe chetu kinatazamana na mlango wa benki, na asubuhi ya leo kahawa ilinipoea mkononi huku nikizunguka benchi. Mke wangu ni karani wa dirisha la pili. Tangu soko lifunguliwe na benki za wageni zijipange mtaa mzima, benki yao imeshikwa na kiwewe. Leo wamekuja wapimaji wa ufanisi, wamesimama nyuma ya makarani na saa za kupimia mbio. Atakayeonekana mzito, kazi hana.

— Kaa bwana, unatutia kizunguzungu, alisema Sentimita, fundi cherehani asiyevua utepe shingoni. Benki ni suti tu. Fundi hodari anatoa suti ileile kwa kitambaa kidogo. Huo ndio ufanisi!

— Na ikibana? nikauliza.

— Mteja atajifunza kutokaa.

Gavana, dereva wa teksi ambaye hajawahi kukopeshwa lakini riba zote anazijua, akadakia.

— Usimsikilize huyo. Dawa ni ushindani! Zamani benki ilikuwa moja, ukitaka mkopo unasomewa dua kwanza. Sasa zimejaa. Wahenga walisema, mafahali wawili wakipigana, maziwa yanashuka bei.

— Wahenga gani hao? Sentimita akaruka. Ziumiazo ni nyasi!

— Nyasi za zamani hizo.

— Basi mbona riba haishuki?

— Kiyoyozi! Baridi yote ile nani anailipia? Benki yenye ufanisi ni ile ambamo mteja anatoka jasho.

— Mimi ningepima foleni kwa utepe, Sentimita akasema. Foleni fupi, benki nzuri.

— Na kama watu wamekimbia? Gavana akauliza.

— Nzuri zaidi! Mwenda pole hajikwai, sembuse asiyekwenda kabisa.

Walicheka mpaka benchi likalia. Mimi ziliniudhi zile kelele. Mke wangu ni mzito kweli, sibishi. Akifika mtu asiyejua kusoma, anamsomea karatasi ya mkopo yote, na mara nyingine anamwambia, "Mama, usitie dole gumba hapa, nenda ukafikiri kwanza." Jana nilimsihi awe anawahi-wahi. Akaniuliza ni nani amwache hajaelewa. Nikanuna, nikageukia ukutani.

Mlango wa benki ukafunguliwa. Mama mmoja mtu mzima akatoka, karatasi mkononi, akavuka barabara hadi kwetu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nyie mnakaa hapa kila siku. Yule dada wa dirisha la pili wamemtoa sasa hivi, kapitia mlango wa nyuma. Anahamia benki gani?

— Kwa nini, mama? Gavana aliuliza, taratibu.

— Nihamishe akiba yangu nimfuate.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbilia mlango wa nyuma.