Rosa Kiden, Mwalimu Aliyenyimwa Sindano

Marehemu Mwalimu Rosa Kiden alizaliwa Ludara, Koboko, tarehe 12 Aprili 1936, mtoto wa kwanza wa Mzee Enoch Lado. Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu huko Arua.

Tangu 1957 alifundisha hesabu Ludara. Aliwapeleka watoto sokoni wajifunze kugawanya kwa mafungu ya muhogo, mpaka wachuuzi wakaja kulalamika kwamba watoto wake wanawasahihisha.

Mwaka 1959 alifunga ndoa na Celestino Asiku wa Ayivu.

Mwaka 1971 alipatikana na kisukari. Mfuko wa matibabu wa wilaya ulimlipia sindano za insulini, na kwa sindano hizo hakukosa muhula hata mmoja.

Machi 1976 kamati ya mfuko ilikaa Arua kuamua tiba zipi ziendelee kulipiwa. Insulini ikakataliwa: eti mgonjwa haponi, na wengi waliopewa Koboko walikufa. Rosa alipanda lori akaenda kuwakabili, mumewe akiwa kando yake.

"Hao walikufa wakati dawa haikuletwa," Rosa aliwaambia. "Munapima dawa kwa watu ambao hawakuipata?"

Mwenyekiti akajibu, "Mama, hata wewe bado ni mgonjwa. Fedha ziende kwa wanaopona."

"Mimi iko hapa, nasimama mbele yenu. Kesho iko darasani. Hiyo munaita nini?"

Wakamshukuru kwa kufika, wakamwonyesha mlango.

Juni sindano zilikoma. Bwana Asiku alihangaika hadi ng'ambo ya mpaka, Zaire, akarudi na kichupa kimoja. Rosa alikonda, akawa anafundisha ameketi, kisha akashindwa kuinuka. Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti 1976. Familia inakataa kusema kwamba aliuawa na kisukari. Kisukari alikuwa anaishi nacho miaka yote hiyo.

Kamati imetuma rambirambi, ikimsifu kuwa mtumishi hodari. Familia imezirudisha.

Ameacha mume, watoto wawili, Viktoria na Adrabo, mama yake mzazi, na wagonjwa wenzake wa kisukari kutoka Ludara na Dadamu, walio hapa leo kaburini, ambao sindano zao pia zimekatwa.

Mwalimu Rosa apumzike kwa amani. Wagonjwa wenzake na familia wanakwenda Arua kesho asubuhi, na safari hii hawataonyeshwa mlango.