Protasi na Matairi ya Ubavuni

Amahoro, ndugu na jirani muliofika hapa Rumonge kumsindikiza Protasi Ntakirutimana, historia yake ni hii.

Protasi alizaliwa tarehe 2 Februari 1979 huko Ujiji, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akasoma shule ya msingi hukohuko Kigoma hadi mwaka 1993, kisha akajifunza kuendesha mashua za tanga, na mwaka 2004 akarudi Burundi pamoja na mdogo wake Darius, fundi wa kushona matanga, wakaanza kusafirisha mawese ya Kigwena kwa mashua yao wenyewe.

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na Beatrisi wa Kigwena, na hapo, jamani, ndipo lilipoanza jambo lililomtafuna maisha yake yote. Mashua ya kumleta bibi harusi ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyeupe pe, naye Protasi, akiogopa matairi ya ubavuni, yale ya kuzuia mashua isigonge gati, yasije yakaichafua kwa weusi wake, akayafungua yote akayaacha ufukweni. Walipofika kwenye gati la Rumonge wimbi likaisukuma mashua, Darius akanyoosha mkono wa kulia kuikinga isigonge, mkono ukabanwa kati ya mbao na saruji, na tangu siku ile haukushika sindano tena. Rangi yenyewe haikuchubuka hata kidogo.

Darius alirudi Kigoma akachuuza samaki, hakumlaumu mtu, na Protasi alitaka kuomba msamaha lakini ulimi ukawa mzito, basi akageuka mtu wa matairi. Wengi wenu mulimcheka gatini, alipokuwa akikagua mashua ya kila mtu, akisisitiza kwamba tairi la pikipiki halikingi mashua ya mizigo, kwamba lifungwe pale ubavu unapotokeza zaidi, likae usawa wa gati, livishwe gunia lisichafue rangi, na mukishang'oa nanga mulipandishe ndani. Yeye na Beatrisi walijaliwa watoto wawili, Anita mwaka 2006 na Seth mwaka 2009.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hospitalini, na alipoona hali haitengemai akamwita Darius, akisema kuna neno ambalo lazima amwambie uso kwa uso, akamkataza Beatrisi kulipeleka kwa simu. Majuto ni mjukuu. Ziwa lilichafuka, Darius akachelewa, na Jumapili tarehe 11 Mei 2025 Protasi akafariki nyumbani kwake Kigwena, neno likiwa bado mdomoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani wa Kigwena, na mabaharia wenzake wa Rumonge na Magara, murakoze sana.

Leo asubuhi jeneza limeletwa kwa mashua ileile, njia ileile ya harusi, na aliyefunga matairi ni Darius, kwa mkono wa kushoto na meno, kila moja limevishwa gunia. Wimbi limetusukuma gatini, na hakuna aliyenyoosha mkono. Darius ameomba uambiwe, Protasi, kwamba lile neno alilisikia tangu zamani.

Pumzika kwa amani, kaka.