Avoka wa Bukavu na Avoka wa Usumbura

Kamiyo ilipoanza kuteremka kutoka Fizi kwenda Baraka, Pulchérie, aliyekaa juu ya magunia yake ya muhogo, alisahau mgongo unaomuuma. Karibu yake wanaume wawili wasiojuana walikuwa wakibishania mawakili.

"Avoka wangu wa Bukavu anatengeneza hesabu ya sosiete mbele kodi ifike," alijigamba Isidore, mwenye kampuni ya kukamua mawese. "Kwangu kesi haizaliwake!"

"Ule iko mwoga, papa," alicheka Kabera, mfanyabiashara wa ng'ombe. "Wangu wa Usumbura anaacha kesi izaliwe, halafu anaiulia kwa tribinali. Kodi yenyewe silipake!"

"Kwani mi nalipaka?"

Walipaza sauti kuishinda injini. Pulchérie angeweza kuwaonya, maana pale Fizi alimwona aliyepanda mbele, kando ya dereva. Lakini maneno yalikuwa matamu mno.

Baraka, kamiyo ikasimama. Karani wa kodi akashuka kutoka kando ya dereva, akavaa kofia yake taratibu.

"Benye sosiete ni banani?"

Isidore akakumbatia gunia. "Mi? Mi niko nabebea huyu mama muhogo."

"Na mi pia," akasema Kabera, akidaka la pili.

"Mubebe basi," Pulchérie akajibu. "Soko iko mbali."

Wakatangulia, jasho likiwatiririka, wakibishana kwa kunong'ona wamwite avoka yupi.