Mai Sughran na Vigae Tisini na Kimoja

Mai Sughran aliingia katika karakana yetu ya vigae hapa Multan akiwa na miaka ishirini na miwili. Tarehe 31 Machi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minane. Alianza kwa kusaga rangi. Mwaka wa tatu Haji Sahibu, mwenye karakana, alimkabidhi sakafu ya kupangia, na tangu hapo hakuna mzigo uliotoka bila kupita machoni pake.

Kazi yake ilikuwa kuamua vigae vikae safu ngapi, na kila safu vingapi, ili ukuta ujae na kisibaki hata kimoja. Kwetu kigae chenye ua hakikatwi. Aliandika jozi kwa chaki sakafuni. Kwa arobaini na nane: moja na arobaini na nane, mbili na ishirini na nne, tatu na kumi na sita, nne na kumi na mbili, sita na nane. Jozi zikianza kujirudia kinyumenyume, aliweka chaki chini na kuagiza chai. Waashi waliokuja na vikokotozi kushindana naye walirudi wakiwa wamemnunulia vitamu vya jalebi.

Mwaka jana shule ya wasichana ilituletea vigae tisini na kimoja tuvichome na kuvipanga. Kila msichana alikuwa amechora ua lake. Mimi, karani wa wiki mbili, nilijaribu mbili, tatu, nne na tano, nikaona namba haigawanyiki. Nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba kigae kimoja kiachwe. Nilichagua cha Yusra, kwa sababu tu jina lake lilikuwa la mwisho.

Mai alinikuta nabandika stempu, akauliza barua inahusu nini. Nilipomweleza hakugomba. Alichukua chaki. Sita ikakataa. Saba ikakubali: saba na kumi na tatu.

“Mwanangu, tano ni mahali pa kunywa chai, si mwisho wa safari,” alisema. “Nenda hadi tisa. Kumi mara kumi imeshapita tisini na moja. Hapo ndipo ukate tamaa.”

Nilimsihi asimwambie Haji Sahibu, nisije nikafukuzwa. Akajibu kwamba Haji Sahibu mwenyewe aliwahi kuishia tatu, na karakana bado iko wazi.

Siku ya kuzindua ukuta Yusra alisimama mbele ya ua lake, kona ya chini, akakataa kusogea hata wenzake walipotaka kupiga picha.

Jumatatu iliyopita ilikuja oda ya vigae mia moja arobaini na vitatu. Nilipita tano, saba na tisa, hadi kumi na moja ikaitikia: kumi na moja na kumi na tatu. Mai alitazama sakafu, hakusahihisha kitu, akaenda kunawa mikono.

Ahsante, Mai. Mungu akupe afya, wajukuu watiifu na miaka mingi ya raha. Sakafu tutaitunza.