Albertine Mwadi na Programu ya Kila Ijumaa

Mama Albertine Mwadi anastaafu tarehe 31 Desemba 1996, baada ya kukitumikia kiwanda chetu hapa Likasi kwa miaka thelathini na mmoja. Alitoka Kambove mwaka 1965, akaajiriwa kutoboa kadi za mashine za hesabu. Kadi zilipoondoka na kompyuta zikaja, alijifunza kuandika programu. Tangu 1989 ameongoza ofisi ya kompyuta.

Wengi watamkumbuka kwa mkutano wake wa asubuhi. Waporaji wa ghasia za 1991 walibeba viti vyote vya ofisi; mashine zilisalimika kwa sababu chumba chake kilikuwa na mlango wa chuma. Basi wenzake wakawa wanasimama kuzunguka mbabula, jiko la makaa, kila mmoja akieleza alichomaliza, anachofanya na kinachomkwamisha. Maji ya chai yakichemka, mkutano umekwisha. Bertin, mwandishi wa programu anayependa kuongea, alilalamika: "Mama, weye unaweka maji kidogo sana!" Viti vipya vilipokuja, Mama alivipeleka kwenye chumba cha wageni.

Mtihani ulikuja mwaka 1994. Uzalishaji ulikuwa umeanguka, mafundi wengi wameondoka, na pampu zilisimama huku vipuri vyake vikiwa ghalani bila mtu kujua viko rafu gani. Ofisi ya kompyuta ilikuwa imeshughulikia programu kubwa ya ghala kwa miaka miwili, na hakuna sehemu yake hata moja iliyokuwa ikitumika. Mkurugenzi akaamua: programu isipofanya kazi kabla ya mvua, ofisi itafungwa na watu wake wanne watarudi nyumbani.

Mama Albertine aliuweka kando mpango ule mkubwa. Kila Ijumaa angepeleka ghalani kipande kimoja cha programu, kidogo lakini kinachofanya kazi, na kubaki pale kuona kinavyotumiwa. Cha kwanza kilionyesha rafu za vipuri vya pampu, basi. Banza, mtunza ghala, hakuvutiwa: "Miaka mbili yote, mama, ni hii tu?" Ijumaa iliyofuata alikuwa tayari anadai vipuri vya mota.

Si kweli kwamba njia hiyo iliongeza mwendo wa kazi mara moja. Mwanzoni ulipungua, kwani Bertin na mwenzake Georgette walikuwa wakirekebisha karibu kila walichopeleka. Kisha likatokea kosa. Kwa haraka ya kuwahi Ijumaa, walitoa kipande ambacho hawakukijaribu kwa kuzima umeme. Umeme ukakatika, kama unavyokatika hapa Likasi, na kazi ya Banza ya wiki nzima ikafutika.

"Munaniua na haraka yenu!" alisema.

Mama hakutafuta wa kulaumiwa. Tangu siku hiyo hakuna kipande kilichotoka kabla yeye mwenyewe hajachomoa waya wa kompyuta, programu ikiwa katikati ya kazi. Vipande vikawa vidogo zaidi, marekebisho yakapungua, na mwendo ukapanda.

Mvua zilipokaribia, Mkurugenzi alikwenda ghalani. Nusu ya mpango wa awali ilikuwa haijaguswa.

"Imeisha?" aliuliza.

"Hapana, Bwana Directeur," Mama alijibu. "Inatumika."

Banza alikuwa akihudumia mafundi wawili ambao pampu yao ilikuwa imesimama, macho yake kwenye skrini. "Chef, ngoja kidogo," alisema bila kugeuka. "Hawa biko na pompe yenye kusimama."

Mkurugenzi alingoja. Mafundi waliondoka na kipuri chao, na ofisi haikufungwa.

Watu wote wanne wamebaki kazini hadi leo. Januari Georgette atashika uongozi, na kipande kipya kitatoka Ijumaa tarehe 3. Mama Albertine ameahidi kwamba hatakuja kukitazama. Hatumwamini.

Asante, Mama, kwa kazi uliyoifanya na kwa wenzako uliowalinda. Rudi Kambove kwa amani. Mungu akupe afya, na pumziko lako liwe refu na lenye furaha.