Nyumba za Tegesha

Basi lilikuwa halijatoka Kahama vizuri, na kijana Benjamini ameshamwamkia jirani yake wa kiti shikamoo na kuanza kumfundisha utajiri. "Mama, anayeanza biashara ya nyumba asihangaike na mjini. Nunua kiwanja pale mgodi unapotaka kupanuka, simamisha vyumba kumi vya tegesha kabla wathamini hawajafika. Tope badala ya saruji, mabati ya kuazima. Choo cha nini? Huhamii, unategea fidia ya mgodi tu."

Bernadina aliupakata mfuko wake. Nyumba yake ilikuwa na miaka thelathini na moja, na kumbe alikosea tangu kuchimba msingi. "Wewe ulijenga wapi, baba?"

"Mwabulugu, nyuma ya kisima cha zamani. Tuliota pale kama uyoga. Wathamini wakaja, wakasema mstari mzima ni tegesha, fidia hakuna, mwezi ujao greda linapita." Akacheka kama aliyepotelewa na mbuzi wa jirani. "Leo nafuata mabati ya watu. Mwakani najaribu Katoro."

"Mstari ule una nyumba kumi na nne," Bernadina alisema taratibu. "Ya mwisho ina choo. Nyuma ya choo kuna kaburi la mume wangu. Hukuliona ulipokuwa unapima?"

Benjamini aligeukia dirishani, akatazama mpaka konda alipoita Mwabulugu na basi likasimama. "Mama, naomba kupita."

Bernadina hakusogeza magoti. "Piga hodi kwanza," alisema.